Sala Katika Mstari wa Kwanza

Mama wa kreshi alikuwa na sheria moja, na alikuwa ameibandika mlangoni: mtoto anachukuliwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukichelewa mara ya kwanza unaangaliwa. Ukichelewa mara ya pili unasemwa mbele ya kina mama wenzako. Mara ya tatu unabeba mtoto wako na mfuko wake wa nepi, na kesho usirudi. Mimi nilikuwa nimeshaangaliwa na nimeshasemwa. Na kulikuwa na mama mmoja wa ghorofa ya pili ya jengo la kreshi aliyekuwa akinisalimia kila asubuhi kwa uchangamfu nisiouelewa, mpaka nikaambiwa kwamba ndiye wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi.

Mara zote mbili nilichelewa kwa sababu ya seva. Siandiki ili nionewe huruma. Naandika kwa sababu nikiikumbuka ile wiki hasira hunipanda, halafu nacheka, halafu hunipanda tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Tulikaa Albert Park, Durban, ghorofa ya saba, katika chumba tulichogawana kwa pazia na familia nyingine ya kwetu Kalemie, Congo. Mume wangu alilinda magari ya watu nje ya maduka ya Morningside na kurudi giza limeshaingia, kwa hiyo habari za kreshi zilikuwa juu yangu. Binti yetu alikuwa na miezi kumi na mmoja na meno manne, na yote manne alikuwa akiyajaribu kwenye bega langu. Bila kreshi hakuna kazi. Hilo lilikuwa wazi kama mchana, na ndiyo maana ile karatasi ya mlangoni niliijua kwa moyo kuliko Baba Yetu.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya vidole. Nilisoma sekondari, kitengo cha biashara, na masista walitufundisha kupiga taipu mikono ikiwa imefunikwa kitambaa ili tusichungulie. Nilipofika Durban ilinichukua mwezi mzima kukubali kwamba kibodi za huku zimehamisha herufi A, lakini baada ya hapo hakuna mtu aliyeweza kunifuata. Papa shemasi, ndivyo tulivyomwita baba mmoja shemasi wa kanisa letu, aliniona nikichapa barua ya kanisa, akaniajiri palepale, kabla sijamaliza ukurasa.

Papa shemasi alikuwa mwenye duka. Zamani alikuwa mhandisi wa reli, na sasa alikuwa ameamua kwamba intaneti ndiyo reli mpya. Duka lilikuwa juu ya saluni: mbele, vibanda vya watu kupiga simu nyumbani, nyuma, kompyuta tatu na feni moja. Fundi wa kompyuta alikuwa Mtanzania wa Tanga, Mwislamu wa sala tano, rafiki mkubwa wa mume wangu. Basi alikuwa shemeji yangu, na kwa kuwa alikuwa shemeji nilikuwa na ruhusa ya kumtania. Ruhusa hiyo niliitumia kila siku, pamoja na sikukuu.

Mwaka ule wa 1999 kila mtu alikuwa akisema kwamba Januari ikifika kompyuta zote duniani zitazimika. Papa shemasi hakuogopa. Alikuwa amepata mteja: mzee mmoja wa Queensburgh mwenye bustani ya miche, aliyetaka watu wachague mawaridi na miembe kupitia intaneti, kila mmoja akiwa kwake. Shemeji akaijenga kazi hiyo juu ya seva ya Java. Kwa asiyejua, nitaeleza kama nilivyoelezwa mimi. Seva ni programu inayokaa kama karani dirishani, ikisubiri mtu aulize ili ijibu. Lakini kila inapoamka, kabla ya kukaa dirishani, inasoma kwanza faili moja la mipangilio: ikae dirisha gani, kurasa ziko wapi, miche iko wapi. Faili lisipoipendeza, haikai. Inatema ukurasa mzima wa Kiingereza kibaya na kurudi kulala. Mume wangu angefanya hivyo asubuhi ningemmwagia maji. Hiyo seva ilibembelezwa.

Sasa lazima niseme kuhusu sala.

Papa shemasi hakuruhusu karatasi yoyote itoke dukani kwake bila kuanza na Mungu. Kila risiti na kila barua kwa mwenye nyumba ilianza kwa kumwomba Bwana abariki kazi ya mikono yetu. Hata tangazo la chooni: mistari minne ya baraka, halafu tafadhali vuta maji. Mimi ndiye niliyechapa vyote, kwa hiyo najua. Na usidhani shemeji alimpinga. Kwake yeye pia, karatasi isiyoanza kwa jina la Mungu ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila suruali. Aliomba tu aongeze Bismillahi yake chini ya sala ya papa.

"Ongeza," papa akasema. "Mungu ni mumoja. Lakini mistari yangu inakaa juu."

Walikubaliana vizuri hawa watu. Mimi nilikuwa napiga taipu.

Wiki ile kompyuta ya seva ilikufa, moshi na vyote. Papa akaleta nyingine. Disketi tuliyohifadhia faili la mipangilio ikagoma kusomeka, ikawa inakwaruza tu kama kuku. Kilichobaki ni karatasi: shemeji aliwahi kuchapisha faili lote kwenye printa, na papa, kama kawaida yake, alipoipata mkononi akaandika sala kwa kalamu juu kabisa, na shemeji akaongeza yake. Nikapewa karatasi hiyo Alhamisi asubuhi niichape yote upya.

"Hata sala, papa?" niliuliza.

"Hasa sala."

Shemeji akanionyesha alama za kuanzia na za kufungia maelezo. Chochote kilicho katikati ya alama hizo, alisema, mashine inakiruka, hakiihusu, ni maneno ya watu. Nikachapa mistari minne ya papa, mmoja wa shemeji, halafu faili lote mpaka mwisho. Saa saba nilikuwa nimemaliza. Mzee wa bustani angekuja saa tisa na nusu kuiona miche yake. Nilihesabu: saa kumi ameondoka, saa kumi na nusu nimeshuka ngazi, saa kumi na dakika hamsini niko kreshi kama mwanamke mwenye heshima zake.

Saa nane seva iliamshwa. Ikakataa.

Ilisema haiioni Java, programu inayoiendesha. Shemeji akaizima kompyuta, akaiwasha. Haikuiona. Akaizima tena.

"Shemeji," nikamwambia, "wewe ukiugua malaria huwa wanakuzima na kukuwasha?"

"Taratibu, shemeji, taratibu. Mambo ya kitaalamu haya."

Mambo ya kitaalamu yalikuwa kwamba kwenye mashine ya zamani Java ilikaa kwenye diski nyingine, na seva ilikuwa bado inaelekezwa kule kule kwa marehemu. Akabadilisha njia. Seva ikaamka hatua moja, ikatema kosa jingine: dirisha lake dogo la amri, ambalo hulishika hata kabla ya kusoma faili, lina mtu. Hilo lilitumalizia nusu saa. Papa akasema ni ile Januari imekuja mapema. Shemeji akatafuta mwizi kila mahali, mpaka akagundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameiamsha seva ya majaribio tangu asubuhi na kuisahau, nayo ilikuwa imekaa dirishani haimpishi mwenzake.

"Kwa hiyo mwizi ni wewe," nikasema.

"Mwizi ni neno kubwa."

"Sawa. Mwenye nyumba aliyejifungia nje."

Papa alicheka kwa mara ya mwisho siku hiyo. Kisha seva ikaamshwa tena, wasusi wa chini wakawasha mashine za kukaushia nywele wote kwa pamoja, umeme ukakatika, na tukaanza upya. Ilipofika saa tisa na robo ndipo lilipotoka kosa lenyewe. Lilisema, kwa tafsiri ya shemeji, kwamba kuna kitu mstari wa sita kisichoruhusiwa kuwa pale kilipo.

Wanaume wote wawili wakageuka kunitazama.

"Mama," papa akasema kwa upole ambao ni mbaya kuliko kelele, "mustari wa sita umeandika nini?"

"Nimeandika kilichokuwa kwenye karatasi."

"Hebu angalia tena."

Mstari wa sita ulikuwa mfupi. Ulikuwa ule ambao faili linajitambulisha: mimi ni faili la aina hii, toleo hili. Nikaufuta, nikauandika upya. Kosa, mstari wa sita. Nikauandika mara ya tatu, shemeji akinisomea alama moja moja kama anamsomea mtoto wa chekechea. Kosa. Shemeji akaketi mwenyewe, akauandika kwa vidole vyake viwili, akichukua muda ambao mimi ningechapa Mwanzo na Kutoka. Kosa, mstari wa sita.

"Labda kibodi," akasema.

"Labda wewe," nikasema.

Mzee wa bustani akaja na saa tisa na nusu yake kamili, kofia mkononi. Papa akamkalisha kando ya feni, akamletea chai, akaanza kumweleza jinsi reli ilivyojengwa kwetu, kilomita kwa kilomita. Mzee alisikiliza kwa adabu. Kila akinyoosha shingo kuelekea kwenye kompyuta zetu, papa aliongeza daraja.

Saa kumi. Saa kumi na dakika kumi. Shemeji sasa alikuwa amelifungua lile kabrasha la maelekezo ya seva, akiulinganisha mstari wa sita na mfano wa kitabuni, kidole juu ya karatasi, kidole juu ya kioo.

"Sawasawa," akasema. "Wallahi ni sawasawa. Hakuna hata nukta iliyozidi."

Nikaangalia saa ya ukutani. Nikachukua mkoba wangu, nikauweka juu ya meza ili wauone.

"Papa, saa kumi na dakika arobaini mimi natoka. Itengenezeke, isitengenezeke."

"Hakuna mutu anatoka hapa, mama. Mugeni iko anangoja. Nani atachapa?"

"Mtoto wangu naye iko anangoja. Nikichelewa leo anafukuzwa. Akifukuzwa kesho naja naye hapa, nitamkalisha juu ya hiyo seva, na ana meno manne."

"Shemeji na hizo 'iko' zake za Congo," shemeji akanung'unika, nadhani alitaka kupooza mambo. Hakuna kosa kubwa alilofanya siku ile kuliko hilo.

Nikasimama. Nilisema mengi, na mengine siyaandiki kwa kuwa mama yangu bado anasoma. Nilisema kwamba nina vidole kumi na wao wana vinne wakijumlisha. Nilisema wanaume wawili wazima wamekaa saa nzima wakiutazama mstari mmoja kama wanamwangalia bibi harusi. Yule mzee wa Queensburgh hakujua neno la Kiswahili, lakini aliweka kikombe chini taratibu sana. Kisha nikamnyang'anya shemeji kile kitabu, nikakaa, nikakishikilia kando ya kioo, kwa kuwa nilikuwa nimebaki na dakika ishirini na tano na hasira ya kutosha kusoma kitu chochote.

Nilisoma kama tulivyofundishwa na masista kusahihisha barua: si maneno, bali sura ya ukurasa. Wapi panaanza, nafasi ngapi juu. Na hapo ndipo nikaona. Kitabuni, ule mstari ulikuwa umekaa juu kabisa, hakuna kitu juu yake, hata nafasi tupu. Kwetu ulikuwa wa sita.

"Papa," nikasema. "Mstari wa sita hauna kosa. Kosa lake ni kuwa wa sita. Kitabuni ni wa kwanza."

Shemeji akainama. "Lakini juu yake kuna maelezo tu, shemeji. Mashine inayaruka."

"Juu yake kuna nini?"

Papa naye alikuwa ameacha daraja katikati ya mto na kuja kusimama nyuma yetu.

"Kuna sala," nikasema.

Papa akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Unasema," papa akauliza, "sala yangu ndiyo iko inaharibu kazi?"

"Na ya shemeji pia." Nilitaka wagawane. "Kwenye mashine ya zamani sala haikuwamo humu. Mliiandika kwa kalamu juu ya karatasi. Leo ndiyo mara ya kwanza inaingia."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini saa nzima imepita. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wameutazama kila mstari wa faili lile isipokuwa mitano, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kufikiri kwamba kitu kinaweza kuharibika mahali ambapo Mungu ametajwa. Na nisijifanye mjanja: mimi ndiye niliyeichapa, na hata mimi nilikuwa nikianza kusoma kutoka mstari wa sita.

"Ifute basi tuone," shemeji akasema.

"Ifute wewe."

Akarudisha mikono mapajani. "Mimi? Bismillahi niifute kwa mkono wangu?"

Tukamtazama papa. Papa akatazama dari.

Saa kumi na dakika ishirini na tano. "Simfuti mtu," nikasema. "Shemeji, kwenu Tanga mtu akifika kwa watu anafanya nini kwanza?"

"Anabisha hodi."

"Halafu?"

"Anakaribishwa, anaingia ndani."

"Sasa sala anaisalia wapi? Nje mlangoni, kabla hata hajulikani ni nani, au ndani?"

"Ndani."

"Basi huu mstari ndio hodi ya faili. Nyinyi mmemsimamisha mgeni barabarani anasali mistari mitano, mwenye nyumba anachungulia, hamjui, hafungui."

Papa akafikiri. Alifikiri polepole kama treni ya mizigo, na mimi nilikuwa nikiisikia saa ya ukutani kwenye meno. "Lakini Mungu anakuwa wa pili," akasema mwishoni.

"Anakuwa ndani, papa."

"Bon," akasema. "Mushushe. Lakini kwa heshima."

Nikaikata ile mistari mitano, nikaiweka chini ya mstari wa hodi, yote, ya papa juu na ya shemeji chini kama walivyokubaliana. Kwa heshima. Nikahifadhi. Shemeji akaiamsha seva, midomo ikimchezacheza kwa dua. Mistari ikapita kwenye kioo, ikapita, ikasimama, na ile ya mwisho ilisema iko tayari, inasubiri. Akafungua ukurasa. Waridi jekundu likaanza kuteremka kutoka juu ya kioo, kipande kwa kipande, mpaka likafika kwenye shina.

Mzee wa bustani akapiga makofi. Papa akamkumbatia shemeji. Shemeji akasema alhamdulillah, papa akasema aleluya, kisha wakakumbuka kunishukuru, na papa akasema, "Mama, dakika moja tu, mugeni anataka tubadilishe jina la ule muembe..."

Sikusikia jina la mwembe. Nilikuwa nimeshafika saluni, chini.

Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Robot ya kwanza, ndivyo wanavyoita taa za barabarani huku, ilikuwa nyekundu, nikavuka. Ya pili pia, nikavuka, na dereva wa taxi akatoa nusu ya mwili wake dirishani kunipigia kelele kwa Kizulu, "Hawu, sisi!" yaani we dada, na mengine ambayo nilimjibu kwa Kiswahili, tukawa tumeelewana. Lifti ya jengo la kreshi ilikuwa mbovu, kama lifti zote za Albert Park. Ghorofa nne. Nilipofika juu, saa yangu ilisema saa kumi na moja na dakika tatu.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Nikasimama. Ndani, mama wa kreshi alikuwa amesimama katikati ya chumba, macho amefumba, mikono juu, watoto watano waliobaki wamekaa mkekani mbele yake. Alikuwa akifunga siku kwa sala. Na mama yule, nawaambieni, hakuwa mtu wa mistari mitano. Aliwaombea watoto mmoja mmoja, akaombea ngazi, akaombea lifti, akaombea serikali mbili. Binti yangu aliniona, akaanza kutambaa kuja kwangu juu ya miguu ya wenzake, akatambaa Congo nzima mpaka Afrika Kusini, akafika kwenye sketi yangu, akauma goti. Mimi nikainamisha kichwa kuliko nilivyowahi kukiinamisha kanisani. Aendelee tu, nilikuwa nikiomba. Usimkatize.

"Amina," akasema, akafumbua macho. Akanitazama. Akatazama saa ya ukutani: kumi na moja na dakika nane.

"Umefika saa ngapi wewe?"

Ningeweza kudanganya. "Nilikukuta kwenye sala, mama."

"Mwanzo au mwisho?"

"Katikati."

Alikagua jasho langu, mkoba, mtoto anayening'inia gotini. "Sala ilianza saa kumi na moja kasoro dakika moja," akasema. "Mtu akikutwa ndani ya sala hahesabiwi amechelewa. Lakini usinizoee."

Nilibeba mtoto na mfuko wake wa nepi. Na kesho yake nikarudi. Yule mama wa ghorofa ya pili hakunisalimia wiki nzima.

Asubuhi hiyo ya Ijumaa nilifika dukani kabla ya wote. Nilifungua lile faili la mipangilio. Mstari wa kwanza, hodi. Chini yake, kati ya alama ambazo mashine inaziruka, mistari minne ya papa, mmoja wa shemeji. Nikaweka kidole mwisho wa Bismillahi, nikaongeza wangu wa sita.

Papa aliuona Jumatatu, alipokuwa akimwonyesha mgeni mwingine. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Mwandishi anatoka saa kumi na nusu kila siku. Amina." Akageuka. "Mama! Iko nini hii?"

"Maelezo, papa. Mashine haiyasomi."

"Sasa umeandikia nani?"

"Nyinyi."

Alivua miwani. Kisha akauliza kama mstari wangu hauwezi kukaa chini zaidi, mwisho kabisa wa faili. Nikamwambia auondoe mwenyewe, kwa mkono wake. Akamtazama shemeji. Shemeji akarudisha mikono mapajani, akasema yeye maneno yaliyofungwa kwa amina hayagusi.